Kamera angani: kwanza ujue kuruka

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za watu zilinibana. Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, nataka tuzungumzie kamera na anga.

Chanzo ni mpwa wangu. Alikuja nyumbani hapa Wabera, Isiolo mjini, akiwa na kamera ndogo isiyojaa hata kiganja. Anataka kwenda Diani kuruka kwa parachuti, akaniuliza: "Mjomba, hii nitaifungaje kwenye kofia isidondoke?" Mnajua mambo ya kwetu, ukiwa mtu wa kompyuta basi kila kitu chenye betri ni kazi yako! Mimi sijawahi kuruka kutoka kwenye ndege hata mara moja. Nikafanya ninachoweza, nikapekua historia.

Tuanzie karibu. Asubuhi, kabla mawingu hayajatanda, Mlima Kenya tunauona upande wa kusini. Mwaka 1933 na 1934 Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, waliruka juu ya mlima huo na huku kaskazini hadi Ziwa Turkana, wakipiga filamu kutoka angani. Walikuwa na ndege mbili za Sikorsky zinazoweza kutua majini. Moja waliipaka milia ya punda, nyingine madoa ya twiga. Filamu yao, Baboona, ilitoka mwaka 1935. Lakini angalia walivyopanga mambo: mwaka 1932, kabla ya safari, walijifunza kwanza kuendesha ndege kwao Kansas. Na bado waliajiri marubani wazoefu. Mwenye kamera alishughulika na kamera, mwenye usukani akashughulika na usukani.

Sasa, aliyeruka nje ya ndege hana rubani. Yeye ndiye ndege, na yeye ndiye mpiga picha. Kabla parachuti haijafunguka mtu huanguka kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa. Akitoka mita 4,000 juu, ana takriban dakika moja tu. Katika dakika hiyo inabidi amfuate anayempiga picha, walingane kasi, ajue amebakiza mita ngapi, kisha afungue parachuti kwa wakati. Mikono anaitumia kama mabawa, ndiyo maana kamera hukaa kichwani, na wengine hupiga picha kwa kubana swichi kwa meno.

Mmoja wa waliofungua njia hii ni Carl Boenish wa Marekani, ambaye kazi yake ya angani ilionekana katika filamu The Gypsy Moths ya mwaka 1969. Kamera za wakati ule zilikuwa za mikanda ya filamu, nzito, na parachuti ilipofunguka ghafla shingo ndiyo iliyolipa gharama.

Ikaja video. Mwaka 1988, kule North Carolina, mpiga video mmoja mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka ndegeni kumfuata mwanafunzi na mwalimu wake. Alikuwa amebeba vifaa vyake vya video. Parachuti hakuvaa. Kamera iliendelea kurekodi. Inadhaniwa uzito wa vile vifaa ulimfanya ahisi amevaa kila kitu. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikatoka nje kupunga hewa.

Mwaka 2002 Nick Woodman alianzisha kampuni ya GoPro, na kamera yake ya kwanza ikatoka mwaka 2004. Ilikuwa bado ya filamu, ya kufunga mkononi, akiwafikiria wacheza mawimbi. Baadaye zikaja za dijitali, nyepesi kabisa. Uzito umeondoka lakini hatari mbili zimebaki: kamba za parachuti zinaweza kunasa kwenye kamera, na akili inaweza kunasa kwenye picha. Ndiyo sababu chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinapendekeza mtu awe na miruko 200 kabla ya kuruka na kamera. Mia mbili!

Wenzangu wa programu, tunaye mtu wetu katika historia hii. Mwaka 2012 Felix Baumgartner aliruka kutoka karibu mita 39,000, mamilioni wakimtazama moja kwa moja kwenye YouTube. Miaka 2 baadaye Alan Eustace, mtaalamu wa kompyuta na mkubwa katika kampuni ya Google, aliruka kutoka zaidi ya mita 41,000, karibu kimyakimya. Google ilitaka kumsaidia akakataa, asije akageuzwa tangazo. Kwanza mruko, picha baadaye. Ni kama sisi: huwezi kuanza kupamba kurasa wakati programu yenyewe bado inaanguka.

Basi nikamjibu mpwa wangu: mara ya kwanza utafungwa pamoja na mwalimu, na kamera atavaa yeye. Alinuna kidogo, akakubali. Amesharudi, na video ya mwalimu tumeitazama sebuleni mpaka mama yake akafumba macho.

Sasa anataka kusomea kuruka mwenyewe. Kamera yake iko kwenye droo yangu, na tumekubaliana nitamrudishia akitimiza miruko 200. Mpaka sasa anao 1.

Haya, tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.