Kupanga bei kwenye mnada wa mtandaoni: mashine ya boti Mbita na chai ya Mombasa

Huu mwaka wa saba nauza vifaa vya simu hapa Mbita, karibu na daraja la kwendea kisiwa cha Rusinga, na jamaa zangu wa Mombasa bado huniuliza mtu wa pwani anatafuta nini Homa Bay. Natafuta riziki. Kazi yangu ya pembeni ni kunadi vitu vya watu kwenye kundi la WhatsApp: friji, pikipiki, nyavu. Picha hutumwa, bei ya kuanzia hutajwa, wanunuzi huweka dau hadi saa iliyopangwa. Kila mwenye kitu huniuliza swali moja: tuanzie ngapi?

Mjane mmoja jirani yangu aliniletea mashine ya boti ya marehemu mumewe, Yamaha ya nguvu za farasi 15. Alikuwa na deni la shilingi 120,000, akataka tuanzie hapohapo. Nilikubali kwa huruma, na hapo nilikosea. Siku tatu kundi kimya. Mnunuzi hajui deni lako wala halimhusu. Yeye anapima mashine: imetumika miaka mingapi, vipuri vinapatikana, na mwingine angeitoa kwa ngapi.

Wakubwa pia wameteleza hapo. Mnada wa chai wa Mombasa ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na 2020 ukaingia kwenye kompyuta. Julai 2021 KTDA iliwekea chai yake bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Wanunuzi hawakulazimika kuifikia bei hiyo, chai nyingi ikakosa mnunuzi na kurundikana maghalani, na 2024 bei hiyo ikaondolewa.

Basi tofautisha bei mbili. Bei ya chini ni ile ambayo isipofikiwa, uko radhi kurudi na kitu chako nyumbani. Huipati kwa kuangalia deni; uliza fundi na mchuuzi wangekulipa ngapi leo, taslimu. Sisi tuliambiwa 80,000 na 85,000, tukashika 85,000. Bei ya kuanzia ni mlango tu, iwe ndogo ili watu waingie. Nilipomwambia tuanzie 50,000, mama alishika kichwa: "Mswahili, utaitupa mashine ya baba watoto!" Nikamweleza kwamba tungetangaza kuwa bei ya chini ipo, bila kuitaja.

Mnadani bei haiwekwi na mshindi, huwekwa na anayemfuata. Kwenye eBay, iliyoanza 1995, unaiambia mashine kikomo chako, nayo inapanda kidogo tu juu ya mpinzani wako hata kama kikomo chako ni mara mbili yake. Ndiyo maana mnunuzi mmoja zaidi ana faida kuliko maneno matamu mia. Na kama wako wawili tu, tena wanajuana, usianzie chini kabisa; watapeana zamu, wakuache na hasara.

Siku nayo ni bei. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika na mifuko hukauka. Mnada wetu wa kwanza tuliufunga wakati wa mwezi mpevu. Wa pili tuliufunga giza likielekea kwisha, pesa zikiwa mkononi.

Mpwa wa yule mama alijitolea kuweka dau za uongo ili bei ipande. Nilikataa. Sheria ya Kiislamu ina jina la hila hiyo, najshi, nayo imekatazwa. Hata ukiacha dini, dau la uongo likishinda umejiuzia mali yako mwenyewe, na kundi zima litajua.

Waliingia watu watano. Kufika 85,000 walibaki wawili, wakapandishana elfu mojamoja. Mmoja alikomea 96,000. Mwenzake, mvuvi wa Uyoma, akachukua kwa 97,000. Kesho yake alikuja na kivuko kutoka Luanda K'Otieno, akaiwasha mashine mara tatu, akalipa kwa M-Pesa tukiwa tumesimama ufuoni. Mama alilipa deni siku hiyohiyo. Shilingi 23,000 zilizobaki analipa kidogo kidogo kwa kuuza omena.