Mwigizaji wa matendo ya hatari: istilahi na watu wake

Kijana anayetazama filamu katika kibanda cha video hapa kwetu Karagwe na Kyerwa, awe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, anawajua watu wawili tangu dakika za mwanzo: stelingi na adui. Lakini anayeporomoka kutoka ghorofa ya tatu, anayekimbia huku nguo zikiwaka moto, anayebingirika na gari hadi korongoni, mara nyingi si stelingi wala adui. Ni mtu wa tatu. Waingereza na Wamarekani humwita stunt performer. Sisi bado tunabadilisha jina lake kila tunapomtaja.

Neno stunt lilizuka Marekani katika karne ya 19, kwenye mazungumzo ya wanamichezo wa vyuo, likiwa na maana ya jambo la kuonyesha ubingwa, kisha sinema zikalichukua. Kiingereza hulitumia pia kwa vituko vya kusaka umaarufu, na kwa maana hiyo Kiswahili cha Tanzania hakina deni, kwa sababu msanii anayezusha habari za ndoa ili azungumzwe tunasema anatafuta kiki. Maana inayotuhusu hapa ni ile ya kamera: tendo la kuuweka mwili hatarini ambalo limepangwa, limefanyiwa mazoezi, na linatendwa ili lirekodiwe.

Jina la kwanza linalowajia wengi ni mwanasarakasi. Lina sababu zake, maana waruka sarakasi wengi wameishia kwenye filamu. Hata hivyo kazi hizi mbili zinapishana mahali pa msingi. Watazame Fadhili na Ibrahim, Watanzania wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, ambao Februari 2024 walishinda America's Got Talent: Fantasy League kwenye televisheni ya Marekani. Mmoja husimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, na ukumbi mzima unawatazama wao, unawashangilia wao, unayashika majina yao. Mtu wetu wa filamu huvaa shati la stelingi, hukata nywele kama za stelingi, na huanguka akiwa ameugeuza uso upande usioonekana na kamera. Akifanikiwa, mtazamaji hajui kwamba alikuwepo. Sarakasi ni shule nzuri ya kazi hii, lakini jina lake haliwezi kuwa jina la kazi hii.

Wengine husema mwigizaji hatari. Hili linakwama mtaani. Ukisema dada fulani ni hatari, umemsifu. Bango lenye maneno mwigizaji hatari litasomwa kuwa ni sifa ya stelingi, na yule wa tatu atakuwa amepotea tena.

Mwigizaji mbadala ni jina zuri zaidi, ila linataja sehemu moja tu ya kazi. Ushahidi upo nchini mwetu. Filamu ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka 1962 ikiwa na John Wayne, ilipigwa picha kaskazini mwa Tanganyika, na wanaoonekana wakiwafukuza na kuwakamata vifaru kwa kamba juu ya gari linalokwenda kasi ni waigizaji wenyewe. Hapo kuna tendo la hatari, lakini mbadala hayupo. Na kuna mbadala asiye na hatari yoyote, kama yule anayekopesha vidole vyake kwenye picha ya kinanda kwa sababu stelingi hajui kukipiga. Kwa hiyo mbadala libaki kwa mtu anayesimama mahali pa mwenzake, lisibebeshwe fani nzima.

Jina ambalo linakaribia kabisa ni mwigizaji wa matukio ya hatari. Tatizo langu nalo ni neno moja. Tukio ni jambo linalotukia, nalo halihitaji mtu wa kulikusudia. Bodaboda ikiteleza kwenye mteremko wa Karagwe siku ya mvua, hilo ni tukio. Tendo lina mtenda aliyelikusudia. Kazi ya watu hawa yote, tangu asubuhi ya kupima urefu wa ghorofa hadi jioni ya kurudia picha kwa mara ya nne, ni kuhakikisha kwamba kinachoonekana kama tukio ni tendo. Ndiyo maana ninashikilia mwigizaji wa matendo ya hatari. Ni refu, nakiri, lakini kulifupisha kuwa mtendaji haiwezekani, kwa kuwa mtendaji kwetu ni ofisa wa kijiji au kata.

Tofauti hii ya tukio na tendo inaonekana vizuri ukiiangalia kazi yenyewe. Anayeanguka kutoka juu hupokelewa na mto mkubwa wa hewa, au na maboksi matupu yaliyopangwa kwa tabaka. Yanapobonyea moja baada ya jingine hula nguvu ya anguko. Yeye hutua kwa mgongo, si kwa miguu. Anayewaka moto huvaa ndani nguo zisizoshika moto zilizoloweshwa jeli baridi, hubana pumzi ili asivute miali, na wenzake wenye vizimamoto husimama nje kidogo ya picha wakihesabu sekunde. Ngumi nyingi hupita pembeni ya shavu, kamera ikiwa imewekwa pembe inayoficha nafasi iliyobaki, na mlio huongezwa baadaye. Wachimbaji wa bati wa Kyerwa wanaielewa akili hii: kabla ya kushuka shimoni unakagua nguzo na kamba, na ujasiri hauchukui nafasi ya ukaguzi huo.

Na ukaguzi ukishindwa, tendo hugeuka tukio papo hapo. Julai 2017, huko Georgia, Marekani, mwigizaji wa matendo ya hatari John Bernecker alikuwa akirekodi tamthilia ya televisheni ya The Walking Dead. Anguko lake lilikuwa la futi zipatazo 20 kutoka kwenye roshani. Aliukosa mto uliowekwa kumpokea, akafariki kwa majeraha. Alikuwa na miaka 33 na uzoefu mkubwa.

Maisha ya kazi hii yana umbo lake. Mtu huingia kijana, akitokea kwenye farasi, pikipiki, ngumi au sarakasi. Mwili ukianza kuchoka, wenye akili na bahati huhamia kwenye kupanga matendo ya wengine. Yakima Canutt, bingwa wa kupanda farasi wakali aliyezaliwa 1895, katika Stagecoach ya 1939 alijiangusha kati ya farasi wanaokimbia, gari wanalolivuta likampita juu. Miaka 20 baadaye alikuwa mpangaji wa mbio za magari ya farasi katika Ben-Hur. Katikati ya safari hiyo alifika pia kwenye kazi inayotugusa watu wa huku: alikuwa miongoni mwa waongozaji wa kikosi cha pili cha upigaji picha cha Mogambo, filamu ya 1953 ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa kando ya Mto Kagera, mto huuhuu unaozitenga Karagwe na Kyerwa na Rwanda na Uganda. Mwaka 1967 alipewa Oscar ya heshima, na sifa mojawapo iliyotajwa ni vifaa alivyobuni kuwalinda wenzake.

Jackie Chan, ambaye hahitaji utambulisho katika kibanda chochote, aliianza njia hiyohiyo bila jina. Katika Fist of Fury ya 1972, anayerushwa na teke la Bruce Lee hadi nje ya nyumba ni yeye, akiwa mbadala wa adui.

Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya daraja la Murongo, iko Uganda ya mtengenezaji filamu Isaac Nabwana. Pale Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama ambayo mwenyewe husema haikufika dola 200. Wapiganaji wake ni vijana wa mtaani waliojifunza kung fu, na bunduki zao zimeundwa kwa vyuma chakavu. Hapo awali damu ya picha ilikuwa damu halisi ya wanyama, ikaachwa baada ya mwigizaji kuugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Umaskini wa vifaa haukuwazuia kujifunza kanuni ya kwanza ya fani, kwamba anayecheza picha hii lazima awe mzima wa kucheza inayofuata.

Yule anayepanga matendo, kwa Kiingereza stunt coordinator, namwita mratibu wa matendo ya hatari. Tuzo za Emmy za televisheni zinamtunuku tangu 2002, na tangu 2021 zimeongeza tuzo ya waigizaji wenyewe wa matendo hayo. Oscar zimechelewa mno: Aprili 2025 ilitangazwa kwamba fani hii itapata tuzo yake kuanzia filamu za mwaka 2027.

Ninalisisitiza jina kwa sababu vijana wanatazama na kuiga. Anayeinua tairi la mbele la bodaboda katikati ya barabara, rafiki yake akirekodi kwa simu, ameona nusu tu ya kazi. Tukiendelea kuiita matukio, au kuisimulia kama ujasiri mtupu, tunamficha mratibu, mto wa hewa, mazoezi na wenye vizimamoto.

Basi nawaomba wanaotafsiri filamu na watangazaji wa redio za Karagwe na Kyerwa waanze na matatu haya: tendo la hatari, mwigizaji wa matendo ya hatari, mratibu wa matendo ya hatari. Mbadala liwe la nne, kwa pale tu mtu anapochukua nafasi ya mwingine. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) nalo liyapime. Na mwenye kibanda asizime filamu majina yanapoanza kupanda, kwa sababu ndipo watu hawa wanapotajwa.