Resveratroli: Sifa Zilizotangulia Ushahidi

Mwaka 1939 mkemia Mjapani, Michio Takaoka, alichambua mizizi ya mmea wenye sumu uitwao Veratrum grandiflorum, akapata kemikali ambayo haikuwa imeelezwa na yeyote. Akaiita resveratroli. Dunia haikushtuka, na zabibu hazikuwamo kabisa katika habari hiyo.

Ziliingia mwaka 1976, watafiti Langcake na Pryce walipoonyesha kwamba majani ya mzabibu huitengeneza kemikali hiyohiyo yanaposhambuliwa na ukungu wa kijivu. Kwa mzabibu, basi, hiyo ni silaha. Ni antioksidanti pia, yaani kemikali inayopunguza uharibifu wa oksidisho, sifa ambayo baadaye ingeuza vidonge vingi. Katika tunda hukaa zaidi kwenye ganda, ndiyo maana mvinyo mwekundu, unaochachushwa pamoja na maganda, huwa nayo nyingi kuliko mweupe.

Umaarufu uliletwa na televisheni. Novemba 1991, kipindi cha 60 Minutes cha Marekani kilihoji kwa nini Wafaransa, pamoja na siagi na jibini lao lote, hawafi sana kwa maradhi ya moyo. Mwanasayansi Serge Renaud akautaja mvinyo, na mauzo ya mvinyo mwekundu yakapanda Marekani. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaipima resveratroli ndani ya mvinyo. Kitendawili kikaonekana kimeteguliwa. Mwaka 2003 David Sinclair wa Harvard na wenzake wakatangaza kwamba hamira iliyopewa kemikali hiyo iliishi muda mrefu zaidi. Fedha zikanusa harufu: mwaka 2008 GlaxoSmithKline ikainunua Sirtris, kampuni ambayo Sinclair alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, kwa dola milioni 720.

Lakini hamira si binadamu. Jaribio la wagonjwa wa saratani ya uboho waliopewa gramu 5 kwa siku lilisitishwa mwaka 2010 baada ya baadhi yao kupata matatizo ya figo. Na gramu 5 hazipatikani mezani: lita nzima ya mvinyo mwekundu huwa na miligramu chache tu, na hata hizo ini huzibadilisha upesi. Kisha, mwaka 2014, yakatoka matokeo ya wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, waliofuatiliwa kwa miaka 9. Waliokuwa na mabaki mengi ya resveratroli kwenye mkojo hawakuishi zaidi ya wenzao, wala hawakuepuka maradhi ya moyo.

Vidonge bado vinauzwa. Mwenye kuzipenda zabibu za Dodoma azile na maganda yake, kwa utamu na nyuzinyuzi zake. Sababu ya kuanza kunywa mvinyo ili kuulinda moyo haipo.