PDF Imelala Kando? Geuza Peji Zenye Shida Pekee na Python

Umeskani vyeti vyako vyote kwa faili moja, unataka kutuma maombi ya job, kucheki hivi peji ya tatu na ya tano zimelala kando. Manze, mtu wa HR ana faili kibao za kupitia, hatapinda shingo juu yako.

Na usikimbilie saiti yoyote ya bure. Hiyo faili iko na kitambulisho chako na PIN ya KRA, na hujui itabaki kwa kompyuta ya nani. Python inamaliza hii kazi kwa lapi yako mwenyewe. Bando unahitaji mara moja tu, kuweka pypdf:

pip install pypdf

Weka PDF kwa folda moja na programu yako, halafu andika:

from pypdf import PdfWriter

faili = PdfWriter(clone_from="vyeti.pdf")
for n in [2, 4]:
    faili.pages[n].rotate(90)
faili.write("vyeti_sawa.pdf")

Mbona 2 na 4? Python huanza kuhesabu na 0, so peji ya tatu ni 2, ya tano ni 4. Hapa ndio wasee wengi hugeuza peji ya jirani.

Hiyo 90 inazungusha peji kulia, vile mshale wa saa huenda. Unataka kushoto? Weka -90. Imesimama na kichwa? 180. Ukijaribu 45 itakataa, inakubali robo mzunguko tu. Kama skani imepinda kidogo, hii haisaidii, skani tena.

Cheki pia hii: mizunguko hujumlishwa. Ukigeuza 90 peji uliyokuwa umegeuza 90, jumla inakuwa 180.

Ubora haushuki, juu rotate() haigusi picha yenyewe. Inaandika tu maagizo ndani ya PDF kuwa hii peji ionyeshwe imegeuzwa. Kile kitufe cha kugeuza kwa brauza mara nyingi hubadilisha vile wewe unaona, HR bado anapata imelala.

Faili ya kwanza inabaki vile ilikuwa. Fungua vyeti_sawa.pdf, pitia peji zote, ndio utume.