Safu ya Lugha: Sola ya kukopa, sola ya kukodi

Mkulima wa Matombo, kule mashariki mwa milima ya Uluguru, akisema "nimekopa sola", huenda ana mkopo kweli. Huenda pia hana.

Kukopa ni kuchukua kitu kiwe chako, ukabaki na deni. Ndiyo maana ya jina M-KOPA, kampuni iliyoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012: mteja hutoa kianzio, hulipa kidogo kidogo kwa simu, na deni likiisha mtambo ni wake.

Kampuni ya Off Grid Electric ilipoanza Arusha ilifuata njia nyingine. Mteja alilipia umeme tu. Paneli juu ya bati lake zilibaki mali ya kampuni. Hapo neno ni kukodi, na kuliita mkopo ni kumpotosha mlipaji, maana anaweza kulipa miaka mingi asimiliki hata waya. Kuazima halifai kabisa, kwa kuwa cha kuazima hurudishwa bila malipo.

Kabla ya kutia saini, msomaji, muulize wakala: nikimaliza kulipa, mtambo ni wa nani? Jibu liandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili.