Kaburi la Ukingoni

Kila nitokapo Karatu kupanda Ngorongoro, hupita penye kaburi la mawe ukingoni mwa kreta. Ni la Michael Grzimek, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai. Habari hiyo haina siri.

Siku moja mgeni kutoka Msumbiji aliniuliza pale: "Na Mondlane wetu, nani alimwua?" Nilikosa jibu. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Nani hasa walihusika, watu wanabishana hadi leo.

Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 hufungua nyaraka za Serikali baada ya miaka 30, isipokuwa zilizowekewa muda mwingine. Sheria ya Marekani ya 1992 kuhusu mauaji ya Rais Kennedy iligeuza mzigo: ofisi inayoficha ndiyo itoe sababu. Hata hivyo, baadhi ya majalada yalingoja mpaka 2025.

Basi miaka peke yake haifungui jalada. Lazima awepo anayelazimishwa kujibu. Mgeni yule bado namdai jibu nafsini mwangu.