Mchungaji anaporudi chuoni

Msikilizaji wa Singe anaweza kujiuliza: mchungaji wetu alishasoma, sasa anarudi chuoni kutafuta nini?

Kwa Walutheri, safari hiyo mara nyingi huishia Makumira, karibu na Usa River, barabara ya Arusha kwenda Moshi. Chuo kilianza mwaka 1947 kule Lwandai, Lushoto, kikahamia Makumira mwaka 1954. Miaka ya 1990 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini.

Shahada ya kwanza ya theolojia humwandaa mtu kwa uchungaji. Shahada ya uzamili huja baadaye, akiwa ameshazika, amebatiza na kusuluhisha ndoa za watu, kwa hiyo anaingia darasani na maswali aliyokutana nayo kazini. Huchimba Biblia kwa undani zaidi, na Kigiriki na Kiebrania si mzaha kwa mtu mzima.

Huku nyuma, mwinjilisti huendesha ibada za Jumapili. Lakini Chakula cha Bwana kwa kawaida humhitaji mchungaji, hivyo hutegemewa wa usharika jirani. Wazee waulize mapema: nani atakuja, na kila baada ya muda gani?